Simba bulaya na nyoka ya mlima: nani anakula watu wetu?

Mvua zimeanza, na habari ya nyoka imeanza nayo. Kila mwaka ni vile vile. Shimo likianguka asubuhi, kufika mangaribi mji mzima umekwisha kujua sababu: mwenye mlima alikuwa na njaa. Wanasema kuko nyoka mkubwa ndani ya mwamba, mnene sawa pipa la mazutu. Usiku anatoka porini, anaingia kwa mdomo wa shimo, analala juu ya shaba na kobalti kama kuku juu ya mayai. Ukitaka mali yake, utalipa kwa mtu. Wengine wanampa na ndugu, yule mamba-muntu wa mtoni, mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye wachoraji wa Lubumbashi walituuzia picha yake mpaka ikajaa katika salo za wazazi wetu.

Watu wanatuuliza, kwenye kilio na kwenye mikutano: ninyi wa sendika munaamini ao hamuamini? Hilo hatutajibu. Kila mtu na kanisa lake, kila mtu na bankambo wake. Sisi tuna swali lingine: hadithi hii ikishasemwa, nani analala vizuri usiku? Mama aliyefiwa halali. Mwenzake wa shimo aliyeponea halali. Anayelala ni yule ambaye asubuhi alikuwa anaogopa kuulizwa, na mangaribi akakuta nyoka amekwisha kujibu mahali pake.

Tusianzie kwa nyoka. Kuko mnyama mwingine wa pori alimtangulia katika inchi yetu ya shaba, na vijana wengi hawamujui tena. Wazee wetu walimwita mutumbula. Wakiwa wengi, batumbula. Kutumbula ni kupasua tumbo, kila mutu anasikia. Wengine walimwita simba bulaya, maana yake simba wa Ulaya, mnyama mwenye makucha ya huku na tumbo la kule. Wengi wetu tumezaliwa ndani ya kambi, na mama zetu walitumia jina hilo kutuingiza nyumbani jua likizama: «Ingia, simba bulaya anapita.» Tuliingia mbio.

Walivyotuelezea, batumbula walikaa pembeni, pale kambi inapokwisha na pori linapoanza. Hawakuwa wazungu. Walikuwa watu weusi sawa sisi, waliolipwa na wazungu kwa kazi hiyo. Waliwinda mtu anayetembea peke yake usiku: anayetoka kwa pombe, anayefuata kuni mbali, mugeni asiye na ndugu. Wakikugusa, akili inapotea, unawafuata sawa mbuzi, hata sauti ya kuita mutu hauna. Kuko waliosema unageuzwa ngulu. Kuko waliosema unafungiwa mahali, unalishwa vizuri mpaka unanenepa, kisha unapelekwa kwa meza ya mzungu. Ndiyo maana nyama ya mukebe iliogopwa sana. Wazee wetu walikuta nyama hiyo katika posho, wakaiangalia, wakaulizana: nyama ya nani hii?

Wakubwa wa wakati ule waliona ni ujinga wa watu wa porini, na hata leo kuko wasomi wa kwetu wanaocheka. Tunawaomba wakae chini kidogo.

Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906. Reli ilifika Élisabethville mwaka wa 1910, na mwaka uleule Bourse du Travail ilianza kazi ya kutafuta watu wa kupeleka kwenye shaba. Watu walitoka Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, kisha hata Rwanda na Urundi. Chefu wa kijiji aliombwa vijana, naye alitoa vijana. Mama alimwona mtoto wake anaondoka na mutu mweusi mwenzake, aliyevaa nguo za kazi ya mzungu. Miaka ya kwanza watu walikufa mingi ndani ya kambi: kifua, tumbo la damu, homa, kisha ile grippe ya 1918. Wale waliokufa hawakurudi, na barua haikuandikwa kwa sababu hakukuwa na wa kuisoma. Waliofika walipimwa na munganga, waliwekwa kambini, walilishwa posho ya kuwatia nguvu mbele ya kuwapeleka kazini.

Sasa wewe mama wa kijiji, ulioona haya kwa macho yako, sema ni nini. Mutu mweusi anakuja kumushika mtoto wako kwa faida ya mzungu. Wanamupima. Wanamulisha. Harudi. Wazee hawakusoma kitabu chochote cha uchumi, lakini walieleza kazi ya mine kwa hesabu sahihi kabisa: kuko mahali ambapo mwili wa mutu unaingia na mali ya mutu mwingine inatoka.

Mutafiti mmoja, Rik Ceyssens, aliandika juu ya mutumbula mwaka wa 1975, akaita habari hiyo hadithi ya mwenye kuonewa. Tunaona alisema vizuri. Na hatukuwa peke yetu. Ndugu zetu ngambo ya mpaka, kwenye Copperbelt, walikuwa na banyama wao. Kule pwani ya Bahari ya Hindi watu walimwogopa mumiani. Uganda na Kenya walisema wazimamoto ndio wanaonyonya damu. Kila fasi kazi ya mzungu ilipoingia na watu kupotea, mnyama wa namna hii alitokea. Hatujui mnyama mwingine aliyefuata reli na barabara vizuri hivyo.

Tukumbuke na kitu kingine. Wakati ule mufanyakazi mweusi hakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika. Ruhusa ilikuja mwaka wa 1946, tena ruhusa nyembamba, yenye macho ya serikali juu yake. Mwaka wa 1941, vita ikiwa kali na bei ya chakula ikipanda, watu wa Union Minière walisimamisha kazi, wakaomba mshahara. Tarehe 9 mwezi wa 12 waliitikiwa na risasi pale Élisabethville. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina lao, aliuawa siku hiyo. Ndiyo ilikuwa bei ya kusema kwa kinywa wazi. Kwa hiyo watu walisema kwa njia ya simba. Huwezi kumpiga mutu risasi kwa sababu amemwambia mtoto wake asitembee usiku.

Kwa hiyo simba bulaya tunamuheshimu. Alikuwa mnyama wa uongo aliyesema kweli, na kidole chake kilielekea juu, kwa wenye nguvu.

Nyoka wa leo ni mutu mwingine.

Angalieni tabia yake. Hakuli injinia. Hakuli negosia mwenye kupima mawe kwa mizani anayoijua yeye mwenyewe. Hakuli sponsa aliyetoa pesa ya kuchimba na aliye mjini anangoja simu. Ofisi ya koperative hajaingia hata siku moja, hata kama mlango uko wazi. Anakula kijana wa miaka 22 aliyeshuka bila kaske, na mwenzake aliyekuwa nyuma akivuta gunia. Tena akishakula, hatupi hasira yake kwa mwenye mali. Anawageukia wafu na ndugu zao: huyu alilala na mwanamke usiku wa kuamkia kazi, yule mke wake alikuwa kwa siku zake na akamupikia, huyu mwingine hakutoa kitu kwa mwenye mlima. Simba bulaya alimshitaki mukubwa. Nyoka anamshitaki maiti.

Kuko watakaosema: lakini hata bankambo walijua mwenye mlima, munadharau desturi. Hapana, hapo ndipo tunataka mutusikilize vizuri, kwa sababu desturi yenyewe iko upande wetu.

Mbele ya wazungu, shaba ya Katanga ilichimbwa na watu wetu wenyewe, wale walioitwa wala shaba. Waliyeyusha malakiti katika matanuru ya udongo wa kichuguu, wakatoa misalaba ya shaba iliyofika mbali sana, ile ile tuliyoiona tena katika bendera ya Katanga ya 1960. Ni kweli, hawakugusa mlima bila muzee kuzungumza na mizimu. Lakini walianza lini? Walianza baada ya kuvuna mtama, kwenye mwezi wa 5, wakati udongo umekauka, na mbele ya mvua kubwa walikuwa wamemaliza, wamerudi kulima. Mwenye mlima wa wazee wetu alikuwa na kalenda. Alisema: mvua ikinyesha, toka. Aliyemtii alibaki na uzima wake.

Huyu wa leo hana kalenda. Mwezi wa 12 anakubali watu washuke, mwezi wa 1 anakubali, mwezi wa 3 udongo ukiwa sawa uji anakubali. Kama bei ya kobalti iko juu, anakubali hata usiku. Mzimu anayefuata bei ya London tunamujua, na pori hakulijua.

Sasa tuache mizimu, tushuke ndani ya shimo lenyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanafia.

Udongo mwekundu wa juu ukikauka unasimama sawa ukuta. Ukinywa maji unakuwa mzito, unateleza juu ya tabaka la chini, unaanguka wote mara moja. Shimo la mkono, kwa sheria, halipaswi kupita metre 30. Kila mukrezeri anajua shimo zinazopita hapo mara mbili, na PDG wa shimo anajua, na wale wanaopita kuchukua pesa ya kuingia wanajua. Chini, watu wanafuata mshipa wa mawe. Mshipa haufuati adabu: unageuka kushoto, njia inageuka kushoto, na upande ule kuko wengine wanakuja kutoka shimo lao. Kati yao kunabaki ukuta mwembamba sawa mkate. Hakuna mutu juu mwenye ramani ya njia hizo. Nguzo za mwamba zilizoachwa kushika dari zina mawe mazuri, na mwisho wa mwezi deni likibana, nguzo inaanza kukwanguliwa kidogo kidogo. Miti ya kushika dari inauzwa pesa. Wanasema wataileta kesho.

Na kuko kifo kingine ambacho kimempa nyoka sifa kubwa kuliko vyote. Watu wanashushwa wanne, wanakutwa wamelala, hakuna kidonda, hakuna jiwe juu yao, sura zimetulia. Juu wanasema: nyoka amepuliza. Uliza kwanza kama kulikuwa na motopompi ndani. Motere ya esansi ikifanya kazi mahali hewa haizunguki, inatoa gaz isiyo na rangi wala harufu. Inakulegeza, inakuletea usingizi, inakuua. Anayeshuka mbio kumwokoa ndugu yake anakuwa wa tano. Motere lazima ibaki nje, mbali na mdomo, na hewa safi ipelekwe chini kwa mupira. Ni hivyo tu. Hii pumzi ya nyoka ina tangi na inanunuliwa dukani.

Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka wa 2019, pale Kolwezi, udongo uliwaangukia wakrezeri ndani ya kariere ya kampuni. Waliokufa walipita 35. Mwezi wa 6, wasomaji, wakati hakuna mvua hata tone: walikuwa wamechimba njia chini ya ngazi za kariere. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka wa 2020, Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kali iliingiza maji ndani ya mashimo ya dhahabu, watu karibu 50 hawakutoka. Sehemu hizo mbili ziko mbali sana, lugha tofauti, madini tofauti. Sababu tunaweza kuzieleza kwa kidole mchangani, mbele ya mtoto wa shule.

Bapapa zetu wa Gécamines walikuwa na mwezi wa 9 wa 1990, wakati sehemu kubwa ya mine ya Kamoto, chini ya ardhi, iliporomoka. Tulikuwa watoto, lakini mazungumzo ya barazani tuliyasikia: nguzo, pesa ya kutengeneza vitu iliyokosekana, wakubwa walioonywa. Hatukumbuki kusikia nyoka. Walikuwa watu wenye kartasi ya kazi, wenye delege, waliokuwa wamezoea kuuliza. Nyoka amekuwa mkubwa kati yetu tangu kazi hiyo ilipokufa na watu zaidi ya 10.000 wa Gécamines kuachishwa kwa ile «départ volontaire» ya 2003, ambayo wengi wao hawakuitaka. Watoto wao ndio walioingia mashimoni kwa mikono mitupu. Tunaona mambo haya yanaenda pamoja: pale kartasi inapokosekana, nyoka anapata nafasi.

Kuko mama mmoja hapa kwetu, jina lake hatuandike, na kampuni vilevile hatuitaji. Bwana yake alikuwa mutu wa kandarasi ndogo, siku kwa siku, katika mine yenye ukuta na kamera. Mwamba ulimushukia. Walileta sanduku, gunia la unga, mafuta na bahasha. Pamoja na vitu hivyo ilikuja habari, hatujui ilitoka kwa kinywa cha nani kwanza, kwamba marehemu alikuwa amemukanyaga mwenye mlima, na kwamba usiku wa mwisho bibi yake «hakumuchunga vizuri». Siku ya tatu ya kilio, ndugu wa bwana walikwisha kumugeukia. Siku ya kumi walichukua vyombo. Alipofika kwetu alikuwa anauliza afanye nini ili familia imusamehe. Hakuuliza hata kidogo kama kampuni ilitangaza ajali kwa CNSS, kama jina la bwana yake liliandikwa katika daftari ya walioshuka siku ile, kama inspekta wa kazi alifika. Yeye aliyefiwa ndiye alikuwa anatafuta msamaha.

Tulipokwenda kuuliza, tulipokelewa vizuri, tukapewa viti. Mukubwa mmoja alituambia kwa sauti ya huruma: «Munajua na ninyi, batu ba huku bana mambo yabo.» Tunamjua, ni mutu wa huku. Watoto wake wako shule Lubumbashi. Yeye mwenyewe haamini nyoka. Anamutumia.

Ndiyo hasira yetu. Sheria zipo. Kodi ya kazi ya 2002 inamtaka patro alinde afya na uzima wa watu wake, na kampuni iwe na komite ya usalama. Kodi ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwezi wa 3 wa 2018, ina masharti kwa mine kubwa na kwa wakrezeri pia: kartasi, koperative, mahali palipotengwa. SAEMAPE iko kwa kusaidia wachimbaji wadogo. Kifo cha kazini kina malipo yake kwa mujane na watoto. Lakini malipo yanahitaji ajali, na ajali inahitaji sababu, na sababu inahitaji karatasi. Siku habari inapoandikwa katika midomo ya watu kwamba nyoka alikula, mbio za karatasi zinakufa palepale. Nani atakwenda kumshitaki nyoka? Kwa tribinali gani?

Upande wa bamama uharibifu ni mara mbili. Kwa sababu ya nyoka huyu wanaambiwa wasikaribie mdomo wa shimo, mawe yatakimbia. Sawa. Lakini wanaosafisha mawe katika maji machafu, mtoto mgongoni, kwa bei ya mwisho kabisa, ni nani? Nyoka hawaoni pale? Mama mjamzito sheria inamkataza kazi hiyo, kwa sababu ya afya yake na ya mtoto, na sisi tunakubali. Nyoka yeye anawafukuza bamama pale pesa inapotokea na anawaacha palepale ugonjwa unapotokea.

Katika sendika yetu wenyewe kuko wandugu waliotuambia tusiandike habari hii. Wanasema: mutu aliyefiwa anahitaji kitu cha kushika, ukimunyang'anya nyoka utamupa nini? Ni neno la watu wenye moyo, hatulitupi. Tumekaa kwenye vilio vingi, tunajua usiku wa kilio ulivyo mrefu. Lakini tumeona nyoka anavyofariji: anamfariji muzee wa familia kwa kumupa wa kulaumu, na wa kulaumu ni mujane. Faraja hiyo ni mali ya mutu mwingine iliyoibwa. Wengine wanaogopa kwamba watu watatuona sisi tumekosa heshima kwa bankambo. Hapo tumekwisha kujibu: anayetaka kumurudisha mwenye mlima wa zamani, amurudishe mzima, na kalenda yake. Mvua ikianza, kila mutu nje mpaka mwezi wa 5, na patro alipe siku za kungoja. Tutakuwa wa kwanza kuleta kuku mweupe.

Na wale wanganga wanaouza dawa ya kumulaza nyoka mdomoni mwa shimo? Tumeuliza bei. Kwa bei ya dawa moja ya mwezi, timu ya watu sita ingenunua mupira wa hewa na kamba mupya. Tunasema tu hesabu.

Kwa watoto, endeleeni kuwaambia habari za pori. Waambieni simba bulaya vile wazee walivyomsema, na pori lake, na mukebe wake wa nyama, na waambieni alitoka wapi na alimtumikia nani. Tungefurahi muzee yeyote aliyeisikia kwa kinywa cha babake, aliyefanya kazi ya Union Minière ao reli, apite kwetu aielezee, vijana waandike. Waliobaki ni wachache.

Kwa shimo, tumekubaliana hivi na wadelege wa sekta zote. Kuanzia juma hili kila timu inayoshuka inaacha majina kwa mutu mmoja anayebaki juu, kwa karatasi, saa ya kushuka na saa ya kutoka. Motere hakuna chini. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna kushuka mpaka kuta ziangaliwe, na PDG atakayelazimisha tutamtaja mbele ya koperative. Kukitokea ajali, mbele ya kuzungumza na mukubwa yeyote, delege anaandika mambo manne: kina cha shimo, miti iliyokuwapo, mahali motere ilipokuwa, nani alitoa amri ya kushuka. Mashahidi wawili wanatia sahihi ao kidole.

Mujane ao muzazi ambaye ajali yake haikutangazwa kwa CNSS, hata kama ni ya miaka iliyopita, alete kile alicho nacho: kartasi ya kazi, bahasha ya mshahara, picha ya marehemu akiwa na nguo za kampuni, cheti cha kufa. Asiye na kitu aje na mutu aliyefanya kazi naye. Tunapokea siku ya posho na jumamosi asubuhi, kwa muzee wa sendika wa kila kambi. Asiyejua kuandika ataandikiwa, na hakuna atakayemuuliza alimupikia bwana yake nini usiku wa mwisho.